Kufuata Njia ya Kopo la Filamu: Dar, Unguja, Nairobi hadi Korem

Maelezo haya yamejengwa kutoka daftari la safari, stakabadhi na picha za simu. Safari ilianza 11 Januari 2016 ikaisha tarehe 23. Tulikuwa wawili: mmoja wa kamera, mmoja wa sauti na hesabu. Tulifuata vituo vya kazi vya Mohamed Amin, mpiga picha wa habari aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na kufia safarini mwaka 1996. Mzigo wetu mkuu ulikuwa Bolex H16, kamera ya springi ya filamu ya milimita 16, aina iliyobebwa na wapiga picha wengi wa vita kabla ya enzi ya video.

Hesabu kwanza, maana ndiyo iliyotawala kila siku. Roli moja ni futi 100, yaani mita 30. Kwa mwendo wa fremu 25 kwa sekunde, inaisha baada ya dakika 2 na sekunde 40. Tulibeba roli sita, kwa hiyo dakika 16 za picha kwa safari nzima. Ukikaza springi mpaka mwisho, kamera inakimbia chini ya nusu dakika kisha inasimama, hata kama kilicho mbele yako hakijaisha.

Jumatatu 11 Januari, Dar es Salaam

Amin alianzisha Camerapix, kampuni yake ya picha, hapa Dar mwaka 1963, akiwa na miaka ishirini tu. Anayedhani kazi ya mpiga picha wa vita ni kuelekeza lenzi kwenye bunduki asimame kwanza kwenye foleni ya mizigo ya uwanja wa ndege. Wakati ule, filamu isiyofika London ilikuwa sawa na filamu ambayo haikupigwa. Hakukuwa na setilaiti ya kurushia picha kutoka Dar. Roli ilitolewa kwenye kamera, ikarudishwa kwenye mfuko wake mweusi na kopo lake, kopo likazungushiwa utepe, likaandikwa namba, likafungwa pamoja na karatasi ya maelezo. Kisha ilitafutwa ndege. Namba ya hati ya mzigo na namba ya ndege vilitumwa kwa teleksi, mashine ya enzi zile ya kutuma maandishi, ili mtu wa upande wa pili ajue akangoje wapi. Ndege ya mizigo ikikosekana, kopo lilikabidhiwa abiria aliyekubali kulibeba mkononi.

Karatasi ya maelezo ndiyo sehemu inayopuuzwa, na ndiyo inayoua habari. Mhariri aliye mbali hajui aliyelala chini ni nani, hajui mtaa, hajui nani alifyatua. Karatasi iwe na namba ya roli, tarehe, mahali, kila shoti kwa mpangilio na urefu wake, majina ya wanaoonekana na vyeo vyao, na kama kuna sharti lolote la matumizi. Tuliamua kuandika namna hiyo kwa kila roli, papo hapo, si hotelini usiku. Usiku utaandika unachotaka kukumbuka.

Chakula cha jioni wali na maharage, shilingi 2,000. Muuzaji aliuliza kile kidubwasha chenye macho matatu ni nini. Ni bamba la lenzi tatu: pana, ya kawaida na ya mbali. Unalizungusha kwa mkono, na usipolizungusha mpaka lilie "tak", nusu ya picha inakuwa kivuli.

Jumanne 12 Januari, Unguja

Tulichagua tarehe hii makusudi, nayo ikatugharimu: ni sikukuu ya Mapinduzi, na boti ya saa moja asubuhi ilijaa pomoni. Safari ni kama saa mbili. Nauli ya mgeni na ya mkazi hazilingani, kwa hiyo kitambulisho kiwe mkononi dirishani. Ukishuka unapita uhamiaji hata kama umetoka bara.

Mapinduzi ya 12 Januari 1964 ndiyo yaliyomtambulisha Amin kwa mashirika ya habari ya nje. Miaka miwili baadaye kisiwa hichohicho kilimweka gerezani karibu mwezi mzima, baada ya kupiga picha za wataalamu wa kijeshi kutoka nchi za kambi ya Mashariki, kisha akafukuzwa kwenda Kenya. Ukitaka kuelewa kazi hii, shika hilo la pili. Risasi huua wachache. Wengi husimamishwa na mtu mwenye mhuri.

Januari hii hali haikuwa nyepesi, kwani uchaguzi wa Oktoba 2015 ulikuwa umefutwa na kila mtu alikuwa akingoja neno. Kamera ilibaki ndani ya mkoba karibu siku nzima. Tulitumia sekunde 35 tu, bandarini, kwa ruhusa ya nahodha wa jahazi. Kwa atakayefuata: usielekeze lenzi kwenye polisi, kambi, gereza wala nyumba ya serikali, na usidhani kibali cha kurekodi cha bara kinatosha visiwani. Ulizia huku huku.

Joto na chumvi ya bahari ni maadui wa filamu. Roli zikae kivulini katikati ya nguo, si juu ya begi wala ndani ya gari lililofungwa. Tulibadilisha roli ya kwanza ukumbini mwa nyumba ya wageni, pazia limeshushwa. Roli za aina hii zina pande za bati zinazozuia mwanga, lakini mwanga hupenya ukingoni, na futi chache za mwanzo na mwisho huungua. Kwa hiyo usianze na shoti muhimu. Endesha filamu mpaka kihesabio kifike sifuri, ndipo uanze.

Urojo wa Forodhani, shilingi 2,000, wenye ukwaju wa kutosha. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa ukutani alituona tukifuta lenzi kwa pindo la shati, akatoa kitambaa cha pamba safi mfukoni akatupa, asitake kurudishiwa. Pindo la shati lina jasho, na jasho la pwani huacha ukungu usiotoka.

13 na 14 Januari, barabarani

Boti, usiku mmoja Dar, kisha basi la Nairobi kupitia Arusha na Namanga. Hakuna cha kusimulia isipokuwa Namanga. Pale tulionyesha orodha ya vifaa: jina la kifaa, namba yake ya kiwandani, thamani. Nakala tatu. Omba igongwe mhuri unapotoka, la sivyo unaporudi utaambiwa umenunua kamera nje na ulipe ushuru.

Ijumaa 15 Januari, Nairobi

Sanamu ya Tom Mboya iko Moi Avenue, hatua chache kutoka alipopigwa risasi Jumamosi ya 5 Julai 1969 akitoka duka la dawa. Amin alifika mapema kiasi cha kurekodi juhudi za kumwokoa, na kazi hiyo ilimpa tuzo ya Uingereza ya mpiga picha bora wa televisheni wa mwaka huo.

Tulisimama hapo tukajaribu swali moja: mtu anayekimbia mita mia tatu na Bolex anapata nini? Anapata picha inayotikisika kwa mapigo ya moyo wake. Dawa yake haijabadilika mpaka leo. Weka lenzi pana, sogea karibu, viwiko vibane mbavuni, pumua nje, rekodi. Lenzi ya mbali hukuza mtikisiko pamoja na sura. Hesabu hadi sita kabla ya kuachia kitufe, maana shoti ya sekunde mbili haiwezi kuhaririwa. Kaza springi baada ya kila shoti, si kabla ya inayofuata. Shoti ikisimama katikati kwa sababu ya springi, kosa ni lako.

Nairobi pia ndiyo iliyowapoteza wanahabari wanne Mogadishu siku moja, 12 Julai 1993: Dan Eldon, Hos Maina, Anthony Macharia na Hansi Krauss. Waliuawa na umati uliojaa hasira baada ya nyumba kushambuliwa kwa helikopta. Walikuwa wameitwa waje kuonyesha dunia kilichotokea. Wakufunzi wa usalama huulizia kitu hiki mpaka leo: nani amekuita, na je, walio njiani wanajua umeitwa?

Fundi wa kamera mjini alifungua Bolex, akasafisha dirisha la filamu, tundu ambapo mwanga huifikia filamu, kwa kijiti cha mbao, akakataa malipo isipokuwa chai na mandazi mawili. Usitumie chuma pale. Mkwaruzo mdogo kwenye dirisha utachora mstari kwenye kila futi utakayopiga.

Jumamosi 16 Januari, Nairobi hadi Addis Ababa

Ndege ni kama saa mbili. Mwenye pasipoti ya Kenya hahitaji viza ya Ethiopia. Wengine waulize ubalozi mapema.

Uwanja wa ndege ndipo filamu hufa kimyakimya. Omba roli zikaguliwe kwa mkono, ziwe ndani ya mfuko unaoonyesha, makopo yasiyofunguliwa yakiwa na lebo. Kamwe usiziweke kwenye begi la chini, kwani mashine za mizigo hiyo zina miali mikali zaidi. Kwa wenye kamera za leo, betri za lithiamu hubebwa mkononi. Zisizozidi wati-saa 100 hazina shida, kati ya 100 na 160 uliza shirika, juu ya hapo hazipandi ndege ya abiria. Funika ncha zake kwa utepe.

Forodha ya Bole, uwanja wa ndege wa Addis, ilitushikilia saa moja na robo. Orodha yenye mhuri wa Namanga haikuwa na maana yoyote kwao, lakini kuwepo kwa orodha yenyewe kulimtuliza ofisa. Kamera ya springi ilimfurahisha, akaikaza springi mwenyewe. Droni usithubutu kuja nayo bila kibali, na anayekuja kufanya kazi ya habari apate kwanza kitambulisho cha mwandishi.

Jambo moja litakalomfaa Mswahili: saa za Ethiopia ni saa zetu. Siku huanza alfajiri, na hata neno lenyewe ni *seat*. Ukiambiwa basi linaondoka *asra and*, ni saa kumi na moja alfajiri, kama kwenu. Tiketi ya ndege ndiyo iliyo ya Kizungu. Wageni wengine hukosa basi kwa tofauti ya saa sita, sisi hatukukosa.

Jumapili 17 Januari, Addis

Nefas Silk, kusini mwa jiji. Tarehe 4 Juni 1991, wiki moja baada ya wapiganaji wa EPRDF, muungano wa waasi, kuingia Addis, ghala la silaha lililipuka hapa. Amin alikuwa akirekodi. Alipoteza mkono wa kushoto, na fundi wake wa sauti, John Mathai, aliuawa. Amin alirudi kazini na mkono wa bandia.

Ghala linalowaka si moto wa kawaida. Risasi ndogo hulia kwanza, ovyo ovyo, na watu hudhani mambo yanapoa. Mabomu makubwa yenye maganda mazito huchelewa kupata joto, kwa hiyo mlipuko mkubwa unaweza kuja saa nyingi baadaye. Ukimya ndio wa kuogopa. Kioo na bati si kinga, kinga ni udongo na zege. Na fundi wa sauti wa enzi zile alikuwa amefungwa kwa waya kwenye kamera: mashine ya kurekodia video ilining'inia begani mwake, na kebo iliunganisha miili yao miwili. Mpiga picha akigeuka, naye anageuka. Akisogea mbele, naye anavutwa.

Leo anayekwenda sehemu kama ile huvaa fulana ya kuzuia risasi. Ile laini huzuia risasi za bastola na baadhi ya vipande vya bomu tu. Risasi ya bunduki inahitaji bamba gumu kifuani na mgongoni, na jumla yake hukaribia kilo 10 kabla hujabeba kamera. Mkanda wa kubana damu ufungwe nje ya fulana, mahali ambapo mkono wowote kati ya miwili unafika. Ukiwa ndani ya begi, haupo.

Shiro na injera, birr 35. Roli ya tatu ikaanza.

Jumatatu 18 Januari, Addis hadi Dessie

Kilomita 400, basi la alfajiri, birr 240. Debre Berhan ni baridi ya kugandisha, kisha barabara inapanda juu ya mita 3,000 hadi handaki la Waitaliano la Tarmaber, na ukitoka upande wa pili dunia inaporomoka chini ya magurudumu. Debre Sina wanawake walileta *kolo*, shayiri ya kukaanga, dirishani. Abiria jirani alinunua pakiti mbili, akatumiminia moja kwenye viganja bila kuuliza. Kisha akalala begani mwa fundi sauti mpaka Kombolcha.

Dessie ni mji wa mwinuko, usiku ni wa blanketi mbili. Betri za kurekodia sauti zililala ndani ya mfuko wa koti, kwani baridi hula nguvu yake.

Jumanne 19 Januari, Dessie hadi Alamata

Mkesha wa Timkat, sikukuu ya ubatizo ya Wakristo wa Ethiopia, na usafiri ukawa wa kubahatisha. Minibasi ilifika Woldia saa saba mchana, ikakataa kuendelea. Tulingoja saa tatu chini ya mti. Lori lililobeba ngano lilitupeleka Kobo, dereva akapokea birr 60 kwa wote wawili na kutununulia chai.

Mashamba ya mtama kati ya Kobo na Alamata yalikuwa mabua matupu. Mvua za 2015 zilishindwa, mwaka wa El Niño, na serikali ilikuwa imetangaza watu milioni 10.2 wanaohitaji chakula cha msaada. Malori ya nafaka yalipishana nasi. Tulirekodi sekunde 20 tu. Tofauti na njaa ya 1984, ile aliyoirekodi Amin huko Korem, ilikuwa mbele ya macho: hakukuwa na vita barabarani, na malori yalikuwa yanafika.

Mwaka 1984 Derg, utawala wa kijeshi wa Ethiopia, ilishika miji na barabara, wapiganaji wa Tigray walishika vijiji. Njaa ikafungiwa katikati, na vibali vikatolewa kwa matone. Ukame peke yake haujazi kambi ya wenye njaa kama ile ya Korem.

Alamata ni joto. Chumba birr 200, maji ya ndoo. Mwenye nyumba alituwekea kahawa, tukanywa raundi zote tatu kama heshima inavyotaka: *abol*, *tona*, *bereka*.

Jumatano 20 Januari, Korem

Timkat. Bajaji na minibasi zote zilikuwa zimewapeleka watu kwenye maji ya baraka. Tulipata gari saa tisa alasiri, birr 25 kila mmoja, likapanda kona kwa kona takriban mita elfu moja hadi Korem. Masikio yanaziba, shati la jasho linageuka barafu.

Hapa kuna mtego wa vifaa. Ukitoka joto kwenda baridi hakuna shida. Ukirudi chini, au ukiingia na kamera baridi kwenye chumba cha watu na mvuke wa kahawa, unyevu unatua juu ya lenzi na ndani ya mashine. Mashine za video za kanda zilikuwa na kihisi cha unyevu kilichozizima kabisa mpaka zikauke. Iache kamera ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa, ndipo ufungue.

Mwalimu mmoja wa shule alitusikia tukihangaika kutafuta chumba, akatulaza kwake. Alitutembeza hadi uwanda ulioko nje ya mji. Kilichoonekana ni majani, mbuzi na mashimo ya zamani ya mawe.

Alhamisi 21 Januari, Korem, alfajiri

Tulifika uwandani saa kumi na moja na nusu. Picha za Amin zilizoonyeshwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984, kwa maelezo ya mwandishi Michael Buerk, zilipigwa alfajiri hapa. Uzuri wake wa kutisha una sababu ya kimaumbile. Usiku hewa baridi hutulia chini ya uwanda, na moshi wa kuni haupandi. Unatanda kimo cha kiuno. Jua linapochomoza hapo karibu na saa moja, linaupiga kutoka nyuma, na kila mtu anakuwa kivuli chenye ukingo wa mwanga. Ardhi ikishapata joto moshi unanyanyuka, na picha ile haipo tena. Una kama dakika ishirini.

Kipimamwanga kitakudanganya, kwa kuwa kinaona anga na moshi mweupe. Pima kwenye uso wa mtu, au kiganja chako kikiwa kivulini, ndipo ufungue lenzi. Ukifuata anga, nyuso zitakuwa nyeusi tii, na kambi yenye watu makumi ya maelfu itageuka mchoro usio na mtu hata mmoja.

Lingine limo kwenye zile picha: kamera iko chini. Mpiga picha alipiga magoti, akawa kimo kimoja na aliyeketi. Anayerekodi mgonjwa akiwa wima anamrekodi kama kitu kilichoanguka. Tulipiga moshi wa nyumba za sasa, na mwalimu aliyekubali kuketi mbele yake, roli ya nne yote na nusu ya tano. Vidole viligoma kukaza springi, ikabidi kupokezana.

Mchana Korem hadi Dessie, minibasi tatu.

22 na 23 Januari, kurudi

Dessie hadi Addis, pancha moja Shewa Robit. Kesho yake ndege ya Addis–Nairobi. Ni njia ileile ya Boeing 767 iliyotekwa 23 Novemba 1996, ikaishiwa mafuta na kuanguka majini kando ya Ngazija. Watu 125 kati ya 175 waliokuwemo walikufa, Amin akiwemo.

Makopo yalitumwa maabara ya Uingereza kwa mjumbe wa mizigo, kilo moja na nusu pamoja na karatasi, yakachukua siku tisa kufika na wiki tatu kurudi. Dakika 16 zilitoa dakika 11 za kutumika. Roli ya kwanza iliungua mita moja na zaidi mwanzoni. Roli ya pili ina unywele kwenye kona ya juu kulia, kuanzia Unguja mpaka kwa fundi Nairobi. Roli ya nne ni safi. Shoti ya saba, sekunde 14: moshi, mbuzi wawili, mwalimu anageuka kutazama jua. Kwenye karatasi tuliandika mbuzi mmoja.